Kipimo cha choo cha saratani ya utumbo mpana: ile asilimia 92 ina maana gani?

Mdau_50
Wakuu, habari za leo. Naomba ufafanuzi. Mtu wa miaka 50 aliyeko Marekani, hana dalili yoyote, ameambiwa achague kipimo cha choo: FIT (kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho) kila mwaka, au Cologuard (kinachotafuta damu pamoja na vinasaba) kila baada ya miaka 3. Hiki cha pili kinasifiwa kunasa saratani kwa asilimia 92. Je, majibu yakitoka hasi ndiyo amesalimika? Na kipi kinakosea zaidi?

Darubini
Mkuu, 92 ni kweli, ila ni nusu ya habari. Imetoka kwenye utafiti uliochapishwa 2014: watu karibu 10,000 walipimwa kwa vyote viwili, kisha wote wakafanyiwa kolonoskopi (kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa kukagua utumbo mpana). Wenye saratani walikuwa 65. Cologuard ilinasa 60, FIT 48.

Sasa tazama wale wasio na saratani wala vinyama vya hatari (viuvimbe vinavyoota ukutani mwa utumbo na vinavyoweza kugeuka saratani). FIT ilitoa majibu chanya ya uongo kwa watu kama 5 katika kila 100, Cologuard kama 13. Hao wote wanatakiwa kwenda kolonoskopi, na kuharisha dawa ya kusafisha tumbo usiku kucha si jambo dogo.

Udhaifu mkubwa uko kwenye vinyama vikubwa ambavyo bado havijageuka saratani: Cologuard ilinasa asilimia 42, FIT 24. FIT inatafuta damu tu, na kinyama bapa, hasa upande wa kulia wa utumbo, mara nyingi hakivuji. Hata saratani yenyewe haivuji kila siku. Cologuard inaongeza kutafuta vinasaba vilivyoharibika, ndiyo maana inaona zaidi. Lakini anayepima FIT kila mwaka bila kuruka anapata nafasi 3 katika muda ambao mwenzake anapata 1. Akiruka mwaka, faida hiyo inapungua.

Nesi_wa_Zamu
Naongezea: "hasi" kwenye FIT si damu sifuri, ni damu iliyo chini ya kiwango kilichopangwa. Marekani hutumia mikrogramu 20 za himoglobini (protini nyekundu ya damu) kwa gramu ya choo. Uskoti walianza na 80, England 120. Kiwango kikipanda, wanaoitwa kolonoskopi hupungua na saratani zinazopita huongezeka.

Uchukuaji nao unaharibu mengi. Kijiti cha FIT cha aina inayotumika sana kimechongwa vimifereji vya kubeba miligramu 10 tu, vinavyoingia kwenye mililita 2 za kimiminika. Mashine ikisoma nanogramu 100 kwa mililita, jumla ni 200 ndani ya miligramu 10, yaani ile 20 kwa gramu. Kwa hiyo kuchota bonge hakusaidii, kunavuruga hesabu. Tandika karatasi au chombo kikavu, choo kisiguse maji wala mkojo. Kwaruza sehemu kadhaa mpaka vimifereji vijae, chomeka mara moja, funga, andika tarehe. Ipeleke siku hiyo hiyo au kesho yake: joto huozesha himoglobini, na kichupa kilichoachwa ndani ya gari juani kinaweza kusoma hasi ya uongo. Ukiwa kwenye hedhi au bawasiri inavuja, subiri.

Mdau_50
Asanteni sana. Na kile cha maabara za huku Kanda ya Ziwa, unachoambiwa usile nyama kabla, ni hicho hicho?

Darubini
Hapana, hicho ni cha gwayaki (utomvu wa mti unaobadilika rangi penye damu). Kinapima mmenyuko wa kemikali, hakitambui kama damu ni ya mtu au ya ng'ombe. Nyama nyekundu hukifanya chanya, vitamini C nyingi hukifanya hasi. Kinaona pia damu ya vidonda vya tumbo, wakati FIT kwa kawaida haioni, kwa sababu globini (sehemu ya himoglobini ambayo FIT huitafuta) inayotoka juu humeng'enywa njiani. Na huko ziwani msisahau kichocho cha tumbo na minyoo ya safura, navyo huvujisha damu, na hiyo hata FIT inaweza kuiona.

Nesi_wa_Zamu
Mawili ya kushika. FIT ikitoka chanya, usirudie ili "kuhakikisha": saratani inayovuja leo na kukauka kesho itakupa hasi. Nenda kolonoskopi ndani ya miezi michache. Utafiti wa Marekani uliona hatari ya saratani ikipanda kwa waliochelewa zaidi ya miezi 10. Na mwenye choo chenye damu, anayekonda bila sababu au aliyepungukiwa damu amwone daktari sasa, hata kama mwezi jana FIT ilikuwa hasi.