Vichaka vya asili vinavyostahimili ukame vinanifia ingawa ninavimwagilia kila siku

Mpenda Kivuli (muulizaji):

Nawasalimu nyote. Baada ya kuchoshwa na maua yanayodai maji asubuhi na jioni, niliamua kutenga sehemu ya bustani ya nyumbani kwa vichaka vya asili, yaani vile vinavyoota vyenyewe porini katika eneo hili na kuvuka kiangazi bila ya mtu kuvitunza. Nilipata miche 12 kutoka kitaluni, nikachimba mashimo, nikayajaza samadi na mboji kwa wingi, na tangu siku hiyo nimemwagilia kila jioni bila kukosa. Hii ni wiki ya 7. Miche 4 imekufa, mingine 2 imegeuka manjano na kulegea ilhali udongo una unyevu, na mmoja umepukutisha majani yote ukabaki vijiti vitupu.

Kinachonitatiza ni kwamba vichaka vya aina hiyohiyo vimesimama imara porini, tena kwenye mawe, na hakuna anayevipa hata tone. Nimekosea wapi? Na je, huo uliopukutika niung'oe?

Mzizi Mkuu:

Ndugu Mpenda Kivuli, tafadhali usiung'oe. Chukua tawi jembamba, ulikwaruze ganda kwa ukucha kidogo tu, kisha utazame chini yake. Ukikuta kijani chenye unyevu, mche uko hai. Ukikuta kahawia kavu, shuka kuelekea shinani na ukwaruze tena, kwa sababu mara nyingi ncha hufa kabla ya shina. Vichaka vingi vya nchi kavu huangusha majani mambo yanapokuwa magumu, kwa kuwa maji mengi ya mmea hupotelea majanini, na hali ikitengemaa huchipua upya.

Hiyo miche ya manjano ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Maji yakizidi, mmea hulegea vilevile kama wenye kiu, na mtunzaji mwenye huruma huongeza maji akidhani anauokoa. Mizizi inahitaji hewa; udongo ukilowa mfululizo, nafasi zilizopaswa kushika hewa hujaa maji, mizizi hukosa pumzi na kuanza kuoza, na mzizi uliooza hauwezi kunyonya maji hata ukiwa umezama ndani yake. Chimbua mmoja kati ya ile iliyokufa uhakikishe. Mzizi mzima ni mgumu, na ukiukata ndani ni mweupe. Uliooza ni laini na mweusi, na ukiuvuta kwa vidole ganda lake huvuka likaacha uzi mwembamba.

Ningependa jambo moja lieleweke vizuri, kwa sababu limewavunja moyo watu wengi waliokuwa na nia njema kama yako: mche hautoki kitaluni ukiwa tayari unastahimili ukame. Kichaka unachokiona juu ya mawe kilianza na mbegu, kikapeleka mzizi chini kwenye nyufa muda mrefu kabla ya shina kunenepa, na kile unachokiita uvumilivu ni urefu wa mizizi hiyo. Mche wako umelelewa kwa maji ya kila siku, na mizizi yake yote ilikuwa imefungwa ndani ya kiriba, yaani kile kimfuko cha kuoteshea miche. Kwa hiyo utahitaji maji katika mwaka wa kwanza, pengine na wa pili, lakini yawe mengi kwa mara moja, yashuke sentimita 30 hivi, kisha uache udongo wa juu ukauke ndipo urudie. Maji kidogo ya kila jioni hulowesha tabaka la juu tu, nayo mizizi hubaki hukohuko juu, mahali pa kwanza kukauka jua likiwaka. Wiki za mwanzo mara 2 au 3 kwa wiki zinaweza kutosha, kisha mara 1, kisha uongeze nafasi. Usifuate kalenda pekee. Chomeka kidole au kijiti udongoni. Mche ukinyauka mchana na kuinuka wenyewe usiku, uache. Ukikuta bado umenyauka alfajiri, hapo una kiu ya kweli, mradi udongo wenyewe umekauka.

Mpenda Kivuli:

Ahsante sana. Nimechimbua miwili kati ya iliyokufa, na ganda la mizizi limevuka mikononi mwangu kama ulivyosema, likiwa na harufu ya tope lililochacha. Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba chini ya shimo kulikuwa na maji yametuama, ingawa sikuwa nimemwagilia tangu jana jioni. Huo uliopukutika, nimeukwaruza: ncha imekauka, lakini karibu na shina ni kijani.

Tuta la Mawe:

Maji hayo yaliyotuama yanatosha kueleza mengi. Bila shaka udongo wako ni wa mfinyanzi. Shimo lililochimbwa katika mfinyanzi na kujazwa mboji laini hugeuka kuwa ndoo: maji huingia upesi na hayana pa kutokea. Juu ya hayo, mizizi ikionja mboji haina sababu ya kutoka humo, hivyo huzunguka ndani ya shimo kama ilivyokuwa ikizunguka ndani ya kiriba.

Kabla ya kupanda tena, pima. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze mara ya pili na uangalie yanashuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka chini ya sentimita 2, usipande shimoni. Inua tuta la sentimita 20 hadi 30 na upande juu yake. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya kiriba lakini lisizidi kina chake, na lifukiwe kwa udongo uleule uliotoka humo. Matandazo ya majani makavu au vipande vya magome, unene wa sentimita 5 hadi 8, yanafaa sana, ila yasiguse shina.

Kuhusu samadi, vichaka vingi vya ardhi kavu vimezoea udongo maskini, na vikilishwa sana hutoa matawi marefu mororo yanayolegea siku ya kwanza ya joto kali. Vilivyo vya jamii ya mikunde hupata naitrojeni kupitia vinundu vya mizizi yao. Jamii ya protea, yenye aina nyingi Afrika Kusini na Australia, inaweza hata kudhurika kwa mbolea yenye fosforasi nyingi.

Mlinzi wa Mbegu:

Naongeza tahadhari moja. Kustahimili ukame si sawa na kuwa mmea wa asili. Lantana camara huvumilia kiangazi vizuri mno, lakini asili yake ni Amerika ya kitropiki, na kote ilikoenea Afrika, Asia na Australia imefunika ardhi na kusonga mimea ya wenyeji. Uliza jina la kisayansi la kila mche kabla ya kuuchukua, maana jina moja la kienyeji huweza kubeba mimea mitatu tofauti.

Usishawishike kung'oa vile vya porini ili kujaza mapengo. Mzizi mkuu hukatika, na kichaka kikubwa kilichokatwa mzizi mara nyingi hakipati mwingine wa kina kile. Chukua mbegu chache tu, kwa ruhusa ya mwenye ardhi. Zile za mikunde zenye ganda gumu zimwagie maji ya moto yaliyoepuliwa jikoni, uziache zilowe usiku kucha. Asubuhi zilizovimba zipande, zilizobaki ngumu zirudie. Miche ipelekwe ardhini ingali midogo, mwanzoni mwa mvua, kabla mizizi haijaanza kujizungusha kiribani.

Huo wenye kijani shinani, punguza ncha zilizokauka na usiupe maji mpaka udongo wa chini ukauke.

Mpenda Kivuli:

Nimeacha kumwagilia tangu juzi, na leo nimeanza kuinua tuta kwa ajili ya ile miwili ya manjano.