Naomba ushauri: Show Boat ya 1936 au ya 1951?

Habari zenu wakuu. Wikiendi hii nataka kumwekea mama na wanangu Show Boat, ile filamu ya nyimbo ya familia ya Kapteni Andy na meli yao ya maonyesho, Cotton Blossom, kwenye mto Mississippi. Nimekwama kwenye kuchagua toleo.

La 1951 lina rangi, Ava Gardner yumo, watoto hawatalalamika. Ila mimi roho yangu iko kwa la 1936, japo halina rangi, kwa sababu ya Paul Robeson. Anaimba "Ol' Man River" akiwa ameketi gatini, kamera inamzunguka taratibu mpaka uso wake unajaa skrini nzima. William Warfield, anayeuimba wimbo huo kwenye toleo la 1951, ana sauti nzito kweli, lakini mh!

Shida ni kwamba kwenye hilo la 1936 mwigizaji Irene Dunne anajipaka rangi nyeusi usoni na kucheza akiwaigiza Weusi kwa mzaha. Mwanangu mdogo ana miaka tisa. Nimweleze kabla, nikiruke kipande hicho, au niweke tu la 1951? Na pale Steve, Mzungu, anaponyonya damu ya mkewe Julie, mwenye asili ya Weusi, ili aseme naye ana damu ya Weusi na wakwepe sheria iliyokataza ndoa kati ya Wazungu na Weusi, nyie watoto wenu mliwaelezaje?