Mrejesho: vitoto vya mbuzi vinanyonya

Assalamu alaikum. Niliuliza juu ya mbuzi wangu aliyezaa pacha hapa Konde, Pemba, vitoto vikawa havishiki chuchu. Alhamdulillahi, sasa vyote vinanyonya. Aliyenambia nikamue kidogo kwanza, Mungu amlipe: chuchu moja ilizibwa na kitu kizito kama nta. Kilipotoka tu, dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) ikafuata, nzito, ya manjano. Mke wangu akamshika mama, mie nikakifumbua kitoto kinywa, nikakiwekea chuchu juu ya ulimi huku nakikuna chini ya mkia. Kikavuta! Wafugaji wenzangu, msingoje kesho yake. Uwezo wa tumbo kufyonza kinga ya dang'a hupungua haraka na huisha kama baada ya saa 24. Kile kidogo bado nakisaidia usiku, mwenziwe hukisukuma.