Tupeane uzoefu: ushawahi kutumiwa picha ya utupu na mtu usiyemjua?

Mleta mada: Wakuu habari za mihangaiko. Mimi na wenzangu wawili tunafanya utafiti wa dokumentari kuhusu hawa watu wanaokutumia picha za sehemu zao za siri, hamjuani, hukuomba, hata salamu hakuna. Ilikuwaje, na ulifanyaje? Majina na namba za watu msiweke.

Mama Vitenge: Umenitonesha kidonda. Nauza vitenge Kariakoo, namba yangu iko kwenye kibao cha duka kila mtu anaiona. Sasa nilienda kwa mama mkwe Morogoro, akasema mwanangu hebu nione picha za kicheni pati ya wifi yako, nikafungua galari nikampa simu aangalie mwenyewe, kumbe wasap inajisevia picha zenyewe mi sina habari. Anasogeza, sare, keki, bibi harusi, mara kimya. Akavua miwani, akaifuta na khanga, akavaa tena. Akaniuliza taratibuuu, "Na huyu naye alikuwa kwenye kamati?" Nilitamani ardhi ipasuke. Jioni nikawekewa kikao. Mume wangu aliniamini lakini wifi zangu macho yao nayajua.

Chapa Ilale: 😂😂😂 kamati ya chakula

Binti wa Tandika: Unacheka nini sasa? Mi nilitumiwa niko kwenye daladala nimesimama, abiria wa nyuma yangu kaona kabla yangu, akasonya akanihama.

Mzee wa Busara: Mnakuza mambo. Bloku, futa, maisha yaendelee. Picha haing'ati.

Binti wa Tandika: Mzee binti yako akitumiwa uje utuambie kama haing'ati.

Kifungu: Usifute! Piga skrinishoti namba na saa vionekane, nenda polisi dawati la jinsia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 23, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote. Ila usiirushe kwenye magrupu kumuaibisha, maana kusambaza ponografia nako ni kosa, kifungu cha 14, unaweza kufungwa wewe.

Chapa Ilale: Kifungu cha 23 lazima uthibitishe alikusudia kukusumbua, atasema alikosea namba.

Kifungu: Kakosea namba mara nne usiku mmoja?

Mbongo London: Huku wanarusha kwa AirDrop, ile ya iPhone ya kurushiana picha na simu zilizo karibu, mkiwa kwenye treni, namba yako hata hawana. England na Wales limekuwa kosa la jinai tangu 31 Januari 2024, Scotland waliwatangulia miaka mingi. Weka AirDrop ipokee kwa unaowajua tu.

Kisu Butu: Mi namjibu "lete na kipimo cha damu tuanze dozi". Hajawahi kurudi hata mmoja.

Mama Vitenge: Sijamaliza jamani. Ile namba niliifanya kama naitumia elfu moja, jina likatokea kabla sijaweka namba ya siri. Jina la mwanamke! Nikasema leo ndo leo, nikapiga nikiwa nimejiandaa matusi yote. Akapokea bibi, mzee kabisa wa kukohoa, ananiambia laini kaisajili yeye kwa kitambulisho chake cha NIDA ila anatumia mjukuu, simu kaiacha kwenye chaji kaenda mpirani. Matusi yote yakaniishia mdomoni. Nikamwambia nimekosea namba. Akasema haya mwanangu, wasalimie huko.

Kisu Butu: Ungemwambia tu! Bibi angemchapa na mwiko.

Binti wa Tandika: Apandishe presha bibi wa watu kwa upuuzi wa mjukuu?

Mzee wa Busara: Hapo ulifanya la maana dada.

Chapa Ilale: Kwa hiyo kesi ikifunguliwa anakamatwa bibi?? *106# jamani, angalieni laini zilizosajiliwa kwa majina yenu.

Mleta mada: Mama Vitenge hii ndo stori tunayoitafuta. Naomba unitumie namba yako nikupigie tuongee zaidi.

Mama Vitenge: Namba? Hata wewe? Uliza hapahapa.