Tupeane uzoefu: Manga za wasichana wa sekondari zisizo na tukio kubwa

Habari zenu wanajamvi. Naomba tupeane uzoefu kuhusu manga, yaani hadithi za katuni za Kijapani, zinazochorwa na wasanii wa kujitegemea wa Japani wakisimulia maisha ya kila siku ya wasichana wa sekondari ya juu, ambamo hamna vita, mzimu wala mchumba wa kugombewa: wasichana watatu wanasubiri treni, mmoja anasema upuuzi, treni inafika, basi. Nyingi huchorwa kwa visanduku vinne vinavyosomwa kutoka juu kwenda chini, na kwa desturi kisanduku cha tatu ndicho kinachogeuza mambo. Anayejichapishia mwenyewe hana mhariri wa kumharakisha, kwa hiyo wapo wanaothubutu kukiacha kisanduku hicho bila neno hata moja, na kwa maoni yangu hapo ndipo wanapowazidi wachoraji wa majarida makubwa. Wengi huonyesha kazi zao Pixiv, mtandao ulioanza mwaka 2007, kisha huchapa vijitabu na kuviuza kwa mikono yao katika maonyesho kama COMITIA ya Tokyo, ambayo hupokea kazi za ubunifu wa mchoraji mwenyewe tu, tofauti na Comic Market iliyoanza mwaka 1975, ambako kuazima wahusika wa watu wengine ni jambo la kawaida. Wewe ulivutwa na nini?

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu mleta mada, mimi nilivutwa na usafi. Nilisoma shule ya bweni ya wasichana Tanzania, tukidamkia zamu ya kufagia huku kiranja akitusimamia, na sikutarajia kukuta Japani nako wanafunzi wanasafisha madarasa yao wenyewe. Katika manga hizi meza husukumwa nyuma, mwalimu hayupo, na siri ambayo msichana ameificha siku nzima humtoka akiwa ameshika ufagio. Hilo halihitaji kuelezwa kwa mtu aliyepitia bweni.

Mchangiaji wa pili:
Mimi najifunza kuchora, hivyo hutazama zaidi mavazi. Sare za Japani kwa kawaida hubadilishwa mwezi Juni na tena Oktoba, kwa hiyo mchoraji hana haja ya kuandika tarehe: mikono mifupi pamoja na mlio wa nyenje ulioandikwa pembeni mwa kisanduku vinatosha kukuambia kwamba ni kiangazi. Mwaka wa masomo nao huanza Aprili na kuishia Machi, na sekondari ya juu ni miaka mitatu, kwa hiyo msomaji anajua tangu mwanzo kwamba kundi hilo litatawanyika. Kuhusu wahariri, hata hivyo, sikubaliani nawe, mkuu. Manga iitwayo Azumanga Daioh ilitoka katika jarida kuanzia mwaka 1999 hadi 2002, nayo iliwafikisha wasichana wake hadi mahafali, ilhali wasanii wengi wa kujitegemea ninaowasoma huwaacha wahusika wao katika darasa lilelile bila kuwakuza.

Mleta mada:
Hoja yako kuhusu mahafali naikubali, ila kuhusu kisanduku cha tatu bado nashikilia nilichosema. Wengine karibuni, hasa mliowahi kununua vijitabu hivi kutoka kwa wachoraji wenyewe.