Mbegu za uyoga kwenye mtama zinachacha, nakosea wapi?

Wakuu nimechemsha mtama nikajaza chupa nikapika kwa presha kuka dakika 90, leo siku ya 6 tangu niweke mbegu mama (utando hai wa uyoga wa kuanzishia) na punje zinateleza, zinanuka kama uji uliochacha. Utando mweupe hamna kabisa. Shida nini?

— Hao bakteria mkuu, mtama ulibaki na maji mengi. Loweka masaa 12 hadi 24, chemsha uive bila kupasuka halafu utandaze mpaka ukishika punje hazilowanishi mkono, hapo ndo wengi tunakuwaga na haraka.

— Na usiweke mbegu mama chupa ikiwa ya moto, utaiua. Weka penye nyuzijoto 24 hivi, utando ukifika theluthi ya chupa itikise.

— Hiyo iliyochacha usiifungulie ndani 😂 mi nilijuta