Wanafunzi wa nje wanatuletea nini mtaani? Nina kikao Jumapili

Afande_Mstaafu:
Habari za humu. Mimi ni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa kijiji kimoja kando ya barabara ya Ggaba, Kampala. Kiswahili changu ni cha jeshini, mnisamehe ngeli zikigongana. Jumapili saa tisa nina kikao cha wakazi. Kuna wenyeji wanataka wenye mizigo (vile vyumba vya kupanga vya safu moja, kwa wasioijua Kampala) wakatazwe kupangisha wanafunzi wa kutoka nje. Malalamiko nimeyaandika: muziki mpaka alfajiri, taka kwenye mtaro, kodi kupanda. Chumba cha laki moja na nusu sasa mwenyewe anataka laki mbili na nusu, eti Mkenya au Mtanzania atalipa. Fundi viatu aliyekaa pale miaka tisa ameshahama.

Mlioishi nao, au mliokuwa wanafunzi wenyewe, nipeni mliyoyaona kwa macho. Hotuba za Jumuiya ya Afrika Mashariki nimezisikia za kutosha.

Mama_Mizigo:
Afande, shikamoo. Mimi mzaliwa wa Bukoba, niliolewa huku mwaka 1998, nina vyumba vinane. Wanafunzi ndio wanaonilipa, sikufichi, kwa hiyo maneno yangu yapime ukijua hivyo.

Mwaka 2020 vyuo vilifungwa kwa korona tarehe 20 Machi, siku chache baadaye mpaka nao ukafungwa. Vyumba sita vyangu vilikuwa vya wanafunzi. Wanne waliwahi basi, wakaniachia magodoro yamefungwa kamba. Utasema hasara ni yangu. Haya, yule kijana wa rolex (chapati ya kukunjia mayai) pale getini alikuwa anamaliza trei nne za mayai kwa siku. Akashuka mpaka nusu trei, mwisho akarudi kwao Masaka. Tawa lake lilibaki limefunikwa juu ya matofali, kuku wangu wakawa wanatagia chini yake. Mama wa kufua akakosa wa kumfulia. Wa fotokopi akauza mashine. Vyuo vilipofunguliwa tena Novemba 2021, wa rolex alifika hata kabla ya wanafunzi wenyewe.

Lakini hizo ni hela, na hela kila mtu anaziona. Mimi nataka kukwambia la Kiswahili, wewe mwanajeshi utanielewa. Wanangu wamekulia hapa na nilishindwa kuwapa lugha yangu. Kiswahili kwao kilikuwa "simama", "lala chini", "leta kitambulisho", lugha ya askari na majambazi. Nikiwasemesha njiani wanageuza uso. Akaja binti wa Tabora, anasomea uuguzi. Jioni ya kwanza akaenda dukani kwa jirani yangu, Muganda wa kwa baba na kwa mama, akasema: "Shikamoo mama. Samahani, naomba chumvi ya mia tano." Jirani alikuwa anapima sukari, akaacha kijiko hewani. Kesho yake akaja kuniuliza, "Nnyabo (yaani mama), kumbe Kiswahili kina *naomba*?"

Binti huyo ni mmoja wa wawili waliokosa basi. Mwanangu wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza ameingia S1, kidato cha kwanza, mtaala mpya wenye Kiswahili cha lazima, na shule imefungwa. Wakawa wanakaa barazani, yeye anamfundisha ngeli, mtoto anamfundisha Luganda. Nilimsikia akirudia kama anasoma dua: "omutwe gunnuma, omutwe gunnuma", kichwa kinaniuma. Aliniambia wodini wagonjwa walikuwa wanamtazama tu, yeye na daftari lake, mpaka aweze kusema hilo. Alijifunza na kumenya matooke, zile ndizi za kupika, mikono kaipaka mafuta utomvu usigande. Mwanangu leo ananijibu Kiswahili mbele ya wenzake. Hiyo niweke kwenye hesabu gani ya kodi?

Muziki ni kweli. Kwangu mwisho saa nne usiku, na imeandikwa kwenye karatasi ya kupangia. Lakini nikuulize na wewe, Afande: wapangaji wa nje wangapi wako kwenye daftari la kijiji? Ofisi inawajua siku wanapotaka barua na muhuri tu.

Boda_wa_Steji:
Mama kasema yote. Mimi naongeza kwamba wanaopiga muziki usiku kwetu wengi ni vijana wa hapa hapa, ila akipita mgeni mmoja na spika, basi ni "wale wa nje". Taka nazo, mwenye nyumba asipoweka pipa, mpangaji afanyeje? Akabebe kaveera, mfuko wa plastiki, mpaka chuoni?

Mwana_Mutukula:
Shikamoo mzee. Nilisoma ununuzi na ugavi Kampala miaka mitatu, sasa ni wakala wa forodha upande wa Tanzania, Mutukula. Cheti kilinifungulia mlango. Kinachonipa mteja ni Luganda. Dereva akishuka kwenye lori amevimba, karatasi zake zina kosa, nikimwambia "mpola mpola, ssebo", yaani polepole bwana, anacheka kwanza, halafu tunatafuta kosa. Wenzangu wenye alama nzuri kuliko zangu wanasubiri zamu.

Sikuwa malaika. Mwaka wa kwanza tulipiga kelele, mwenye nyumba akatukatia umeme, tukaacha. Na wanaotoka Tanzania kuja huko: pitieni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kabla ya kuondoka. Mimi nilijua nimesharudi na cheti mkononi, nikakaa miezi nyumbani nikishughulikia kutambuliwa. Uzembe wangu.

Wa_Mbale:
Huku tuna Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu 1988 na wageni tumewazoea, mpaka watoto wanajua kusalimia Kisomali. Ila la fundi viatu msilikwepe. Mgeni hapandishi kodi, anayepandisha ni mwenye nyumba. Mama Mizigo, wewe uliongeza?

Mama_Mizigo:
Niliongeza, 2022, elfu thelathini, kwa wote. Na mpangaji mmoja wa hapa aliondoka. Sina la kujitetea.

Afande_Mstaafu:
Asanteni. Mama, umenipiga pale pale: nimefungua daftari, wa nje ni watatu, na mmoja alishamaliza chuo. Katazo sitalipeleka kikaoni. Nitapeleka saa nne ya usiku, pipa kwa kila mwenye mizigo, na kila mpangaji aandikwe ndani ya wiki moja, bila kulipia. La kodi nitawaachia wenye nyumba walijibu mbele ya watu, na fundi viatu nimemtumia ujumbe aje. Ukiwa karibu, njoo na wapangaji wako. Waje na viti, vyangu ni kumi na viwili tu.